Shuka la Wodini: Niliyojifunza Katika Ununuzi wa Umma

Kazi yangu ni ugavi. Nimeifanya katika taasisi za umma jijini Dar es Salaam tangu enzi za makabrasha na masanduku ya zabuni hadi leo ambapo kila kitu kiko kwenye mfumo. Jambo moja limenikaa kichwani kuliko mengine yote: watu wanautazama ununuzi wa umma pasipo penyewe. Wanatazama nani kashinda. Wazabuni wanalalamikia nani kashinda, magazeti yanaandika nani kashinda, hata mkaguzi akija faili la kwanza analoomba ni la tathmini. Ila kama fedha ile itamfikia mtu wa Mbagala au itampita juu kwa juu, mara nyingi limeshaamuliwa wiki nyingi kabla ya tangazo, siku idara tumizi, yaani ile itakayokitumia kitu, ilipoandika inachokitaka. Na kilichosalimika hapo huja kuharibikia mwisho kabisa, kwenye malipo.

Nitaeleza kwa shuka, maana ndiko nilikojifunzia.

Nilipohamia hospitali moja ya umma hapa jijini, nilikuta zabuni ya shuka, foronya na gauni za wagonjwa inatangazwa kila mwaka kwa maneno yaleyale. Aliyeyaandika mara ya kwanza alikuwa ameshastaafu. Yananakiliwa, tarehe inabadilishwa, kazi imekwisha. Yalimtaka mzabuni awe na mikataba ya aina hiyo ya miaka mitano iliyopita, mauzo makubwa ya mwaka, barua ya benki kuthibitisha kwamba anakopesheka, na uwezo wa kuleta mzigo wote kwa mkupuo mmoja. Kila sharti peke yake unaweza kulitetea mbele ya bodi ya zabuni. Sasa yasome yote ukiwa fundi cherehani mwenye mashine chache Tandika au Yombo. Umeshatolewa nje kabla hata hujauliza bei ya kitambaa.

Halafu nikafika kwenye ukurasa wa ubora wa shuka lenyewe. Mstari mmoja tu: shuka nyeupe, nzuri, za hospitali. Yaani tulikuwa tunambana mzabuni kwenye karatasi za benki, tukamwachia uhuru wote kwenye kitambaa.

Matokeo yake yalionekana wodini. Shuka zililetwa zikiwa zimekunjwa vizuri ndani ya nailoni, zinang'aa, na baada ya kufuliwa kwa dawa ya klorini mara chache zinaanza kuonesha godoro. Mama aliyejifungua analetewa khanga na ndugu zake atandike juu ya shuka la serikali. Mwaka haujaisha muuguzi mfawidhi ameshaandika barua ya kuomba nyingine, na sisi tunanunua tena kwa dharura, kwa bei ya dharura.

Alikuwepo pale mtunza stoo mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Kilwa, ambaye wote tulimwita baba. Yeye ndiye aliyenifundisha kupokea mzigo. Sheria inataka kamati ya ukaguzi na mapokezi, nasi tulikuwa nayo, lakini kamati nyingi huhesabu, hulinganisha na hati ya mzabuni, husaini. Baba yule akichagua shuka chache kutoka marobota tofauti, hazitoki juu juu, anaingiza mkono mpaka katikati, kisha anazipeleka kwa dobi zifuliwe kama zinavyofuliwa za wagonjwa. Dereva wa mzabuni anapiga honi getini anataka saini. Siku moja nilimwambia, "Baba, huyu mtu ana haraka, na hati yake iko sawa." Akanijibu taratibu, "Mwanangu, wewe unasoma delivari. Mimi nasubiri likauke." Lilipokauka tulilipima: limepungua urefu kiasi kwamba halifiki chini ya godoro. Mzigo ule haukupokelewa, na simu nilizopigiwa jioni hiyo na watu wenye vyeo sitazisahau.

Ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tunakataa mzigo kwa msingi dhaifu. Mkataba haukusema shuka lipungue kiasi gani. Mzabuni yule angetupeleka mbali angeweza kutushinda, kwa kuwa alileta shuka nyeupe, na "nzuri" ni maoni.

Kwa hiyo kabla ya mwaka wa fedha uliofuata tulikaa: muuguzi mfawidhi, dobi mkuu, baba wa stoo, na mimi. Dobi hakuwahi kuitwa kwenye kikao cha namna hiyo maisha yake yote ya kazi, na ndiye aliyekuwa na mengi ya kusema. Yeye anajua pindo gani linafumuka kwanza. Anajua vifungo vya gauni vinavyoyeyuka kwenye pasi. Tukaandika kiasi cha pamba, uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba, vipimo vya shuka baada ya kufuliwa badala ya kabla, upana wa pindo, aina ya mshono, na kwamba kitambaa kipimwe kwa viwango vya TBS, Shirika la Viwango. Kurasa mbili na nusu. Sharti la mauzo makubwa ya mwaka tuliliondoa, kwa sababu hakuna aliyeweza kutuambia linazuia hatari gani ambayo dobi asingeiona.

Kisha tukafika kwenye jambo gumu zaidi: ukubwa wa zabuni. Nilipendekeza igawanywe kwa loti, yaani mafungu, kitambaa kikiwa loti moja, na kazi ya kushona ikiwa loti kadhaa ndogo zitakazotengwa kwa makundi maalumu. Mkubwa wangu alishtuka. "Unavunja zabuni, dada. Wakaguzi watatula." Hofu yake ilikuwa ya haki. Kuvunja zabuni vipande ili kila kipande kiwe kidogo na kikwepe ushindani ni kosa, na ni mchezo wa zamani sana: mtu ananunua kompyuta kumi kwa hati kumi, wiki kumi, duka moja. Lakini loti zinazotangazwa pamoja, zikiwa kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka na kila mtu anaziona, ni kitu kingine. Moja inaficha, nyingine inafungua mlango. Tulibishana na mwanasheria wetu kwa muda mrefu mpaka bodi ya zabuni ikaridhia, na mimi nasema ubishi ule ulikuwa na faida, kwani kila hoja iliandikwa kwenye muhtasari na mkaguzi alipouliza baadaye alipewa karatasi asome.

Sheria yenyewe ilikuwa upande wetu. Tanzania imezibadili sheria za ununuzi mara nyingi ndani ya muda mfupi: ya 2001, ya 2004 iliyoleta PPRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, ya 2011, na sasa ya 2023 iliyoanza kutumika mwaka 2024. Katika mabadiliko hayo liliingia sharti kwamba taasisi ya umma itenge asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni sharti zuri mno. Tatizo ni jinsi linavyotimizwa. Ofisi nyingi huwapa makundi haya chai na vitafunio vya vikao, usafi wa mazingira, karatasi za kuchapia. Siidharau riziki ya mtu, na mama anayepika vitumbua vya kikao cha saa nne anasomesha watoto. Lakini zabuni ya vitafunio ikiisha, imekwisha. Zabuni ya kushona ikiisha, inaacha mashine na mkono uliozoea kipimo.

Na hapo ndipo lilipo jambo la pamba. Nchi hii inalima pamba, Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi. Pale Ubungo kilijengwa Urafiki, kiwanda cha nguo, kwa msaada wa China miaka ya 1960. Baba wa stoo alikuwa akisimulia shuka za zamani kama mtu anayesimulia ndugu. Serikali ndiyo mnunuzi ambaye kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, lazima anunue shuka, sare, vyandarua, magwanda. Mnunuzi wa namna hiyo akisema wazi mapema anataka kitambaa cha uzito gani na kiasi gani kwa miaka mitatu ijayo, mwenye kiwanda anaweza kwenda benki na karatasi hiyo. Akikurupuka mwezi wa Juni kununua chochote kilichopo sokoni, anayenufaika ni aliyekuwa na kontena bandarini.

Kikundi kimoja cha akina mama wa Temeke kilishinda loti mbili za kushona. Walikuwa wamesajiliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii, na walianza kwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaogawiwa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwenyekiti wao alikuja ofisini baada ya kusaini mkataba. Nilizungumza naye mapokezini, mwenzangu akiwepo, kama ninavyofanya na mzabuni yeyote. Akaniambia, "Dada yangu, sisi tunashona sare za shule zenye kola na mifuko. Shuka ni mstari mnyoofu. Miaka yote hii mbona hatukuitwa?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya lile karatasi la zamani.

Mzigo wao wa kwanza dobi aliurudisha nusu kwa sababu ya pindo. Walinuna, wakafumua, wakashona upya. Mzigo wa pili ulipita. Walinunua ovaloku, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, wakaongeza wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne. Ninakumbuka nikijisemea kwamba hii ndiyo maendeleo ya watu yanayoandikwa kwenye dibaji za mipango, sasa nayaona yakiwa na sura na jina la mtaa.

Kisha ikaja zamu ya kuwalipa.

Walileta ankara, risiti ya EFD, cheti cha mapokezi, kila kitu. Makato ya kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa, waliyajua na kuyakubali. Lakini mzigo ulikuwa umefika karibu na mwisho wa mwaka wa fedha. Juni 30 ikapita, deni likahamia mwaka mpya, na deni likishahamia lazima lihakikiwe. Uhakiki una kamati. Kamati ina ratiba. Julai ikaisha, Agosti ikaisha. Wale mama walikuwa wamewalipa wasichana wao kwa fedha ya mfukoni, kodi ya chumba cha kushonea inadaiwa, marejesho ya mkopo wa halmashauri yanadaiwa. Wakaenda kwa kausha damu. Wanaoishi Dar wanajua maana yake: unakopa leo, kesho asubuhi wanaanza kupita kwako. Ile ovaloku ilichukuliwa kabla hundi yetu haijatoka.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji aelewe kitu ambacho vikao vyetu hukipita haraka. Kumchelewesha mzabuni mdogo ni kumwonea, na pia ni hasara kwa serikali yenyewe, hasara inayoweza kupimwa. Nenda Kariakoo, mtaa wowote wa jumla, uliza bei ya bidhaa yoyote. Ukilipa mkononi utatajiwa bei moja. Ukisema ni ya serikali utatajiwa nyingine, ya juu, na muuzaji hatakuficha sababu. Anaongeza bei ya kusubiri. Anaongeza nauli za kufuatilia na, mahali pengine, anaongeza kile atakachoombwa ili faili lisogee. Kwa hiyo mlipa kodi analipa riba ya uzembe wa ofisi kila siku, ila imeandikwa ndani ya bei ya shuka na haionekani kwenye kitabu chochote. Na yule ambaye mtaji wake hauwezi kusubiri miezi mitano haongezi bei, anaacha kuomba. Wanabaki wenye uwezo wa kusubiri. Kisha tunasema wazawa wadogo hawajitokezi.

Tulibadilisha mambo mawili. Hakuna oda inayotoka kabla fedha yake haijaonekana kwenye kifungu cha bajeti na kushikiliwa kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, na ankara ndogo zinatangulia kubwa kwenye foleni ya malipo. La kwanza lilikubalika kwa shida. La pili lilipigwa vita hasa, kwa kuwa mzabuni mkubwa anajua mlango wa mhasibu ulipo na mdogo hajui hata ghorofa. Yule mwenyekiti alirudi kuomba mwaka uliofuata baada ya kusitasita sana, na bei yake ilikuwa imepanda. Nilimwelewa.

NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni wa serikali, ulipoanza mwaka 2023 kuchukua nafasi ya ule wa awali, TANePS, ulitutoa mahali pabaya. Vijana wa sasa hawakuyaona. Mzabuni alikuwa analeta nakala tatu zilizojalidiwa, analala kwenye duka la fotokopi Posta, na saa nne kamili sanduku linafunguliwa. Akikwama kwenye foleni ya Tazara, basi. Kurasa zilikuwa zinaweza kupotea. Sasa kila hatua inaacha alama, na mama wa Mbagala anaweza kuiona zabuni ya Wizara akiwa amekaa kibarazani na simu yake. Hili ni badiliko kubwa na ninalitetea popote. Lakini nimekuta vikundi ambavyo anayeingia kwenye mfumo ni kijana wa steshenari. Barua pepe ni yake, nywila anayo yeye, na bei ya kikundi anaijua yeye kabla ya zabuni kufunguliwa. Steshenari moja huhudumia vikundi vitano vinavyoshindana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo siku hizi kwenye mafunzo ninaanza na nywila kabla ya sheria: nani anayo, inabadilishwaje, na kwa nini mtoto wa mwanachama aliyemaliza shule anafaa kuishika kuliko mtu wa dukani.

Nimeyaona haya haya nje ya shuka. Mwaka 2021 serikali ilipotoa fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, na kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa milioni 20 kila darasa, kazi ilikwenda kwa force akaunti: shule inanunua vifaa, inatafuta mafundi wa jirani, kamati ya wazazi inasimamia. Fedha ilibaki mtaani kwa kiwango ambacho sijawahi kukiona kwenye mkataba wa mkandarasi mkubwa. Fundi, msaidizi wake, mama lishe, mwenye bajaji ya kubeba kokoto, wote waliipata. Lakini mwalimu mkuu aliyesomea kufundisha alijikuta afisa ununuzi, afisa stoo na msimamizi wa ujenzi kwa wakati mmoja. Walinipigia usiku, walimu watu wazima, wananiamkia wakati mimi ndiye niliyepaswa kuwaamkia, wanauliza nukuu tatu za bei zinatafutwaje na nondo ya milimita 12 inatambulikaje. Waliopata mtu wa kumuuliza walijenga vizuri.

Dawa pia. Kituo cha afya kikikosa dawa Bohari ya Dawa pale Keko, kinapewa uthibitisho kwamba haipo na kinanunua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji wa dawa aliyeteuliwa kwa mkoa huo, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kusambaa mikoa yote ya Bara. Kabla yake kila kituo kilikuwa kinahangaika na maduka yake. Mshitiri mmoja aliyepatikana kwa ushindani, bei zikiwa zimeshakubaliwa, ni mfano mzuri wa kazi inayofanyika mapema. Nao hukwama palepale: kituo kisipomlipa, haleti.

Sheria mpya imewatengea wazawa kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50. Ninaiunga mkono. Ninachokitazama ni kama kampuni ya mzawa itakayopata bilioni zile itamlipa fundi wa nondo kwa wakati kuliko tulivyowalipa wale mama, na sijaona kifungu cha mkataba kinachoulizia hilo kwa ukali ule tunaoulizia barua ya benki.

Sasa hivi tuko kwenye kuandaa mpango wa mwaka ujao. Wauguzi wanataka gauni na mashuka ya chumba cha upasuaji yashonwe nchini, yale yanayoingia kwenye mashine ya mvuke ya nyuzi joto 121 na wakati mwingine 134. Yule mwenyekiti wa Temeke amesikia, akauliza kama alete sampuli. Nilimwambia hapana, asubiri tangazo kama wengine, kwa sababu kikundi kikitusaidia kuandika vipimo kitakuwa kimejiandikia zabuni. Tumenunua wenyewe vitambaa vya uzito tofauti, fundi wa hospitali ameshona vipande, na vinapitishwa kwenye mvuke pamoja na vifaa vya kawaida huku dobi akiandika kila mara vinapungua kiasi gani. Kitambaa kitakachostahimili kitaingia kwenye mpango kikiwa na loti yake. Mhasibu ameshaniuliza kifungu cha fedha, na nimemwomba kwanza anitajie tarehe ya kulipa.